Sumu Ipo, ila Hakuna Aliyeitia Kisimani

Kipindupindu kikiingia mtaani kwetu, watu hawaulizi kimetokana na nini. Wanauliza nani kakileta. Nimelisikia swali hilo Mtwara mjini, nimelisikia Mikindani, nimelisikia kwa wavuvi wa Msimbati. Mgeni gani kashuka na jahazi? Nani kaonekana kisimani usiku? Mbona bwana afya kapita juzi na dumu lake la dawa, na leo watu wanaendesha? Ukijibu kwamba chanzo ni uchafu, wanakuitikia kwa adabu, "sawa daktari," hata kama wewe ni mtu wa maabara tu. Ukiondoka, mazungumzo ya barazani yanaendelea pale pale yalipoachwa.

Jambo hili si la kuchekea. Ukivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, ukapita Cabo Delgado, unaingia Nampula, na Wamakua wa huko ni ndugu wa Wamakua wetu wa Masasi. Kwa miaka mingi kumekuwa na uvumi sehemu hizo kwamba wanaotia dawa kwenye maji ndio wanaoeneza ugonjwa. Wahudumu wa afya na watu wa kujitolea wamepigwa, wengine wameuawa. Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichoshindiliwa abiria kilizama kikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Walikufa watu zaidi ya 90, wengi wao watoto. Maofisa wa serikali walisema abiria wengi walikuwa wanakimbia kipindupindu kwa sababu ya maneno waliyoyasikia.

Nimekaa maabara muda wa kutosha kujua kwamba jibu la "uchafu" halimtoshi mtu aliyetoka kuzika. Na kadiri ninavyosoma historia ya utafiti wa ugonjwa huu, ndivyo ninavyoona kwamba wale wa barazani wameshika nusu ya ukweli. Sumu ipo. Imechujwa, imepimwa, umbo lake limechorwa hadi atomu moja moja. Ila haitoki kwenye dumu la mtu yeyote. Inatengenezwa ndani ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, na bakteria aliyemeza bila kujua. Nadhani tungeanza maelezo yetu hapo, kwenye sumu, wangetusikiliza zaidi kuliko tunavyowaanzia na "nawa mikono", wimbo ambao kila mtu ameshaukariri tangu darasa la kwanza.

Anayeuona ugonjwa huu kwa karibu haoni ajabu watu kudhani mtu kalishwa kitu. Mgonjwa wa kipindupindu hafanani na wengine wa kuhara. Hana homa kubwa, halalamiki sana msokoto wa tumbo, choo chake hakina damu. Yanamtoka maji matupu, meupe-meupe, yenye vipande vidogo vya ute, yale yaliyooshewa mchele hasa. Asubuhi mtu kaenda sokoni na beseni lake la ming'oko. Jioni macho yameingia ndani, sauti imekauka, ngozi ya vidole imekunjamana, na ukiibana ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Asipotibiwa, wagonjwa wa namna hiyo hufa nusu yao au zaidi. Akitibiwa vizuri na mapema, kati ya 100 hafi hata mmoja.

Sampuli yake ikifika kwetu tunaiweka kwanza kwenye maji ya peptoni yenye alkali, ambayo bakteria wengi wa tumboni hawayapendi lakini huyu hustawi humo. Baada ya saa chache tunachovya, tunapaka kwenye sahani ya TCBS, chakula chenye rangi ya kijani, na kuiacha kwenye inkubeta hadi kesho. Ukifungua asubuhi ukakuta vijiduara vya manjano, bapa, vinang'aa, umeshajua siku itakuwaje. Rangi ile inatokea kwa sababu bakteria amekula sukari iliyomo akatoa asidi. Tone lake ukiliweka chini ya hadubini unaona vijiti vilivyopinda kidogo vinakimbia huku na huku kwa kasi ya ajabu. Ni sahani nzuri kuitazama. Najua si vizuri kusema hivyo.

Hapa Kusini ugonjwa huu tunajuana nao tangu zamani. Richard Burton, yule msafiri Mwingereza, alifika Kilwa Februari 1859 akaukuta mji unateketea, maiti zimetupwa ufukweni. Miaka kumi baadaye ulirudi. Daktari mmoja aliyekuwa akiishi Unguja, James Christie, alikaa akauliza misafara na manahodha, akaandika ulikopita: ulishuka kutoka bara na misafara hadi Pangani, ukavuka kwenda Unguja, kisha ukateremka na majahazi hadi Kilwa. Kazi yake ilichapwa 1876. Wakati huo Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alikuwa bado hajaenda Misri wala India kumtafuta bakteria mwenyewe.

Mwaka 2017 wanasayansi walisoma vinasaba vya mamia ya bakteria wa kipindupindu waliokusanywa Afrika tangu wimbi la saba la ugonjwa huu duniani, lililoanzia Sulawesi, Indonesia, 1961, na kufika bara letu 1970. Walikuta kwamba ugonjwa umeingizwa Afrika kutoka Asia si chini ya mara 11, na kwamba kila ulipoingia ulisambaa na safari za watu. Kwa hiyo swali la barazani, "nani kakileta", si la kijinga hata kidogo. Christie naye aliliuliza. Jibu la swali hilo ndilo hatulipendi: kakileta mtu asiyejua kwamba anacho, kwa sababu wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, au wanaendesha siku mbili wakapona. Kamuacha bakteria chooni, choo kimetiririkia kisimani, au mkono uliotoka chooni umechota maji ya kunywa.

Turudi kwenye sumu. Koch alipotoa taarifa zake 1884 alikisia kwamba bakteria huyu hutoa sumu ndiyo inayoua. Alikisia sawasawa, lakini ilipita miaka 75 kabla ya mtu kuionyesha. Kilichochelewesha ni kwamba wanasayansi waliitafuta pasipo. Walikuwa wakiwadunga wanyama bakteria kwenye mshipa au ndani ya fumbatio, wanyama wanakufa, lakini hawaendeshi. Wengine waliamini kwamba utando wa utumbo unachunika na maji yanavuja kwenye kidonda. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1960, pale Eugene Gangarosa na wenzake walipochukua vipande vya utumbo wa wagonjwa waliokuwa hai huko Thailand na kukuta utando uko mzima. Mtu anamwaga ndoo kwa ndoo na ukuta wa utumbo wake hauna hata mchubuko!

Aliyeiona sumu ni Sambhu Nath De, daktari wa Calcutta. Sijui kwa nini jina lake halimo kwenye vitabu vya biolojia tunavyosomeshea watoto. Alifanya kazi katika vyuo vya udaktari vya mji ule ambako wodi zilikuwa zinajaa wagonjwa kila msimu, vifaa vichache, fedha chache. Wazo lake lilikuwa jepesi mno. Kama ugonjwa ni wa utumbo, basi bakteria awekwe kwenye utumbo. Alimchukua sungura, akampasua, akafunga kipande cha utumbo mwembamba kwa uzi huku na huku, akakidunga bakteria pale katikati, akaurudisha utumbo na kumshona. Siku ya pili alipofungua, kipande kile kilikuwa kimevimba kwa maji yale yale ya wagonjwa wake. Vipande vya pembeni vilikuwa vikavu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha akafanya lile lililomaliza ubishi: aliotesha bakteria kwenye supu yao, akaichuja mpaka asibaki hata mmoja, akadunga supu tupu. Utumbo ukajaa maji vile vile. Kitu kinachoua kilikuwa kwenye supu. Makala yake, fupi sana, ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1959. Mwaka huo huo N. K. Dutta na wenzake, Bombay, nao walionyesha kwa sungura wachanga kwamba wanaendeshwa na kitu kilichotolewa kwenye bakteria bila bakteria wenyewe.

De hakupata makuu. Joshua Lederberg, Mmarekani mwenye Nobeli yake, alimpendekeza kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja, haikuja. Mwaka 1978 De alialikwa kwenye mkutano wa wakfu wa Nobeli uliozungumzia kipindupindu, na akafariki 1985. Hakuna taasisi kubwa ya sayansi ya nchini kwake iliyowahi kumpa uanachama. Mimi huwa najiuliza ni akina De wangapi wamekaa kwenye maabara zetu za mikoani, wana wazo jepesi na sungura wawili, na hawana wa kumwambia.

Miaka kumi baada ya makala ya De, 1969, Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto huko Texas waliisafisha sumu ikabaki peke yake, na ndipo watu wakaanza kuifungua waone imeundwaje. Ni protini yenye sehemu mbili. Sehemu B ziko tano, zimepangana duara. Sehemu A ni moja, imekaa katikati yao. Zile tano kazi yake ni kushika tu. Juu ya seli za utumbo wetu kuna mafuta yenye vikonyo vya sukari, yaitwayo GM1, na B hushikamana nayo kwa nguvu isiyo ya kawaida. Seli inaimeza sumu ikiwa mzima mzima na kuipeleka ndani, hadi kwenye karakana yake ya kukunjia protini.

Hapo ndipo pananifurahisha, kama neno hilo linafaa. Kila seli ina utaratibu wa kukagua protini zake: iliyokunjwa vibaya inatupwa nje ya karakana ikavunjwe. Sehemu A inajikunjua, inajifanya protini mbovu. Mkaguzi anaitupa nje. Ikifika nje, pale inapotakiwa kuvunjwa, inajikunja upya na kuanza kazi. Imepenya kwa kutumia mlango wa taka.

Kazi yenyewe ni ndogo. Inachukua kipande cha kemikali na kukibandika kwenye protini moja ambayo kawaida huwaka ikizimika, inawaka ikizimika. Ikishabandikwa haizimiki tena. Kimeng'enya kinachofuata kinatengeneza ujumbe wa kemikali uitwao cAMP bila kupumzika, ujumbe unafungua mifereji ya kloraidi kwenye ukuta wa seli, kloraidi inatoka kwenda ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi. Ni koki ya bomba iliyofunguliwa yote kisha ikang'olewa kishikio. Bomba halijapasuka mahali popote, ndiyo maana Gangarosa hakuona kidonda.

Kiasi kinachohitajika ni cha kutisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwapa watu wa kujitolea sumu iliyosafishwa wanywe, wakiwa wametuliziwa asidi ya tumbo. Mikrogramu 5 zilitosha kumfanya mtu aendeshe lita moja hadi sita. Mikrogramu 25 zilimtoa mtu zaidi ya lita 20. Mikrogramu 25 ni chembe ambayo ukiwekewa kwenye kucha huioni.

Bahati yetu ni kwamba sumu hii inafungua mlango mmoja na kuuacha mwingine. Seli za utumbo zina njia ya pili, inayoingiza sukari na sodiamu pamoja, vikishikana, na njia hiyo kipindupindu hakiigusi. Ukimpa mgonjwa chumvi peke yake inapita moja kwa moja. Ukimpa chumvi pamoja na sukari, vinaingia mwilini na kuvuta maji nyuma yao, hata huku yale mengine yanaendelea kumwagika. David Nalin na Richard Cash walilithibitisha hilo kwa wagonjwa wa Dhaka 1968. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladeshi, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India. Akaamuru chumvi na sukari vichanganywe kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wenyewe wachote wawanyweshe. Vifo vilikuwa asilimia 30 hivi. Kwa waliotibiwa namna ile vikashuka hadi 3.6. Pakiti ya chumvichumvi unayopewa zahanati ya Naliendele au Nanguruwe imetokana na hesabu hiyo ya milango miwili. Mama akiniambia "mwanangu anaendesha, nikimnywesha maji si nitamzidishia?" huwa namweleza milango, na naona anaelewa mara moja.

Kitu kimoja kingine, nikipitie haraka. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu si za bakteria kwa asili. Ameletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria na kujipachika ndani ya vinasaba vyake. Jamaa zake wengi wanaoishi kwenye maji ya mdomo wa mto, kwenye mikoko, juu ya magamba ya kamba na kaa, hawana virusi hivyo na hawawezi kuleta mlipuko. Kwa hiyo ukinunua kamba feri usimwangalie muuzaji kwa jicho baya. Wapike tu wakaive.

Sasa chanjo. Watu wamekuwa wakitengeneza chanjo ya kipindupindu tangu 1885, alipoanza Jaume Ferrán kule Hispania, na Waldemar Haffkine aliyejidunga yake mwenyewe Paris 1892 kabla ya kuipeleka India. Zote zilikuwa za sindano, bakteria kwenye bomba. Zilipokuja kupimwa kwa makini miaka ya 1960 zilionekana kukinga nusu ya watu hivi, kwa miezi michache, na mkono kuuma juu yake. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani likaondoa sharti la msafiri kuwa na cheti chake.

Basi sumu ilipojulikana, wengi walidhani kazi imekwisha. Pepopunda na dondakoo vimeshindwa kwa njia hiyo hiyo: unachukua sumu, unaiua makali, unamdunga mtu, mwili unatengeneza kingamwili. Wakaiua makali sumu ya kipindupindu, wakawadunga watu Bangladeshi miaka ya 1970. Kingamwili zikajaa kwenye damu. Kinga haikuonekana ya maana.

Sababu yake ukiifikiri iko wazi, ila ni rahisi kusema hivyo baadaye. Sumu ya pepopunda husafiri mwilini. Kingamwili za damu zinakutana nayo njiani. Bakteria wa kipindupindu haingii kwenye damu kabisa. Anaishi upande wa ndani wa utumbo, juu ya ute, na sumu yake inashika seli kutokea upande huo huo. Wanaotakiwa ni walinzi wa kwenye ute, na hao mwili huwaweka pale ukifundishwa kwa kumezeshwa. Kuna utafiti wa Bangladeshi uliochapwa 1983 unaoeleza vizuri: watoto wanaonyonya ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na kingamwili nyingi waliambukizwa sawa na wenzao, lakini hawakuugua kama wenzao. Bakteria alifika, madhara hayakufika.

Wasweden wa Gothenburg, Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm, ndio waliotengeneza chanjo ya kunywa yenye mantiki hiyo yote. Walichukua bakteria waliouawa, wakaongeza sehemu B za sumu, zile tano za kushika, bila sehemu A. Sehemu B peke yake haidhuru. Inashika seli na kukaa, ikiufundisha mwili. Ilijaribiwa Matlab, Bangladeshi, kuanzia 1985, kwa wanawake na watoto zaidi ya 60,000. Wengine walipewa bakteria pamoja na sehemu B, wengine bakteria peke yao, wengine kitu kisicho chanjo. Miezi sita ya kwanza waliopata sehemu B walikingwa kwa asilimia 85, wasioipata 58. Sumu imeshinda, utasema. Lakini wakaendelea kuhesabu. Miaka mitatu ilipojumlishwa, wenye sehemu B walikuwa 50, wasio nayo 52.

Nilipozisoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilizirudia. Sumu inayomuua mgonjwa, tuliyoitafuta miaka 75, kumbe ndani ya chanjo inasaidia kwa miezi kadhaa tu. Na ina gharama: sehemu B huharibiwa na asidi ya tumbo, kwa hiyo lazima mtu anywe na glasi ya maji yenye magadi yaliyopimwa. Hebu fikiria kampeni Tandahimba au Newala wakati wa kiangazi, juu ya uwanda wa Makonde ambako ndoo ya maji ni bei, unamwambia kila mtu aje anywe glasi nzima iliyochanganywa. Wavietnam waliliona hilo mapema, wakatengeneza yao bila sehemu B. Ikaboreshwa, ikapimwa Kolkata, mji ule ule wa De, na baada ya miaka mitano ilikuwa bado inakinga kwa asilimia 65. Hiyo ndiyo mama wa chanjo zinazogawiwa kwenye milipuko sasa: kichupa kidogo, mililita moja na nusu, mtu anamiminiwa mdomoni anaondoka. Ile ya Kiswidi nayo tunajuana nayo: ilitolewa Zanzibar 2009 kwenye shehia za Unguja na Pemba, na waliokunywa walikingwa kwa asilimia 79, na hata majirani wasiokunywa walinufaika.

Siku moja nilikuwa Mikindani nyumbani kwa rafiki, bibi yake kakaa mkekani anachambua kunde. Alisikia tunayoongea. "Mwanangu," akaniita, "hiyo chanjo yao ina sumu ndani, haina?"

Nikamwambia, bibi, ile ya zamani ina kipande cha sumu, ile sehemu ya kushika, isiyo na kisu. Hii ya sasa haina hata hicho. Ina bakteria waliokufa, wameuawa kwa moto na kwa formalini.

"Sasa kama haina sumu itaikataaje sumu?"

Swali hilo ndilo watafiti wamelishughulikia kwa miaka ya karibuni, nikafurahi kwamba amelifikia akiwa na ungo mapajani. Inaonekana haiikatai sumu. Inamkataa mwenye sumu. Bakteria amevaa koti la sukari, na koti hilo limefunika hadi mkia anaoogelea nao. Kingamwili za kwenye ute zikilishika, mkia unakwama. Anashindwa kuogelea hadi ukutani, na sumu atakayoitoa akiwa mbali haimpati mtu.

Akaniuliza kuhusu kitukuu chake cha miaka miwili. Hapo sikuwa na habari nzuri sana. Chanjo inaruhusiwa kuanzia mwaka mmoja, lakini tafiti zikijumlishwa, watoto chini ya miaka mitano hukingwa kwa asilimia 30 hivi, wakubwa 64. Na chanjo zenyewe ni haba: Oktoba 2022, kwa uhaba huo, ilibidi dozi mbili zipunguzwe kuwa moja kwenye milipuko yote duniani. Nikamwambia habari ya kanga, ambayo aliipenda kuliko yote. Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama wa Matlab kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi, na kipindupindu kikapungua karibu nusu, kwa sababu bakteria wengi wanapanda juu ya wadudu wadogo wa majini wanaonaswa na kitambaa. Kanga iliyochakaa inafaa, nyuzi zake zimeshajaa. Ila ukishachuja, bado chemsha, au tia dawa ya maji.

Mjukuu wake, kijana wa bodaboda, alikuwa kaegemea mlango muda wote. Akauliza: "Kwa hiyo bro, hao wazungu wanajua kuitengeneza hiyo sumu?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini wanajua. Inasafishwa, inauzwa kwa vichupa kwa watafiti. Sehemu B inapendwa sana na wanaochunguza ubongo, kwa sababu inashika neva na kusafiri nayo, wakaona neva ipi imetokea wapi. Nikamweleza hivyo hivyo ilivyo. Akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia bibi yake. "Umesikia? Inauzwa." Bibi akamwambia kasikia, na kwamba hakuna mtu wa kununua kichupa cha bei hiyo aje kukimwaga kisimani Mikindani wakati vyoo vya bure vipo. Kijana hakukubali. Walikuwa bado wanabishana nilipoaga.